Meno ya chini kupita ya juu: tunaipima huduma ya alaina angavu Nairobi

Katika kliniki nyingi za meno Nairobi, kuanzia Upper Hill na Hurlingham hadi Westlands, anayekwenda kuulizia waya siku hizi huonyeshwa pia trei za plastiki angavu zinazoitwa alaina. Kwa meno yaliyosongamana kidogo au yenye mianya, hiyo ni huduma nzuri na haina utata mwingi. Tunachopima hapa ni kazi ngumu zaidi: alaina kwa mtu ambaye akifunga kinywa, meno yake ya mbele ya chini hukaa mbele ya yale ya juu.

Tuseme mapema tunachoamini. Plastiki yenyewe ni nzuri, na kwa tatizo hili ina faida ambayo waya hazina. Kasoro kubwa iko kwenye uchunguzi unaotangulia. Mteja hulipia trei 40 kabla hajajibiwa swali moja: yaliyotoka mahali pake ni meno, au ni taya? Jibu hilo ndilo linaloamua kama pesa zitafanya kazi au zitakwenda na maji.

Kabla ya skana

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Mgonjwa huketi wima, hulegeza mabega, hukunja ncha ya ulimi na kuigusisha nyuma kabisa kwenye kaakaa, kisha hufunga kinywa polepole mpaka meno yagusane kwa mara ya kwanza. Hapo husimama. Ulimi ukiwa huko nyuma, taya la chini halipati nafasi ya kukimbilia mbele. Daktari hutazama: je, meno ya mbele yamekutana ncha kwa ncha huku magego yakiwa bado yameachana? Kisha mgonjwa huambiwa aume kabisa. Taya likiteleza mbele milimita mbili au tatu ili magego yakutane, basi sehemu ya tatizo ni njia ya kufunga kinywa, wala si urefu wa mfupa. Hao ndio wateja ambao alaina huwafaa zaidi. Yule ambaye hata akijitahidi hawezi kufikisha meno yake ya mbele ncha kwa ncha yuko kundi lingine, na kwake trei peke yake mara nyingi hazitoshi.

Kipimo hicho huchukua dakika mbili. Kliniki inayokukimbiza kwenye skana, kamera ya kunakili umbo la meno, na kukuonyesha tabasamu jipya kwenye skrini kabla ya kukupima hivyo imeanzia kwenye mauzo.

Hatua ya pili ni eksirei ya kichwa iliyopigwa kutoka upande, inayoitwa sefalometri. Juu yake hupimwa pembe mbili kutoka msingi wa fuvu: moja hadi taya la juu, ambayo kwa kawaida huwa karibu digrii 82, na nyingine hadi taya la chini, karibu digrii 80. Tofauti ya kawaida basi ni digrii 2. Ikishuka chini ya sifuri, taya la chini limelipita la juu. Ikifika hasi 4, na meno ya chini yawe yameshalala sana kuelekea ulimi, hapo mazungumzo huelekea kwenye upasuaji. Tunaongeza tahadhari moja ambayo mgonjwa wa hapa anapaswa kuijua: vipimo hivyo vya vitabuni vilitokana na sura za Wazungu. Kwa Waafrika wengi, meno ya mbele huinama mbele zaidi na midomo huwa minene zaidi, na hiyo ni hali yao ya kawaida isiyohitaji tiba. Mpango unaoyarudisha nyuma meno ya chini ili yafikie wastani wa kitabu unaweza kuwa unatibu kisicho ugonjwa. Bingwa mzuri husoma namba, kisha huinua macho akakutazama usoni.

Jambo la tatu mtu anaweza kulitazama mwenyewe. Mwili huwa umeshajaribu kujitibu: taya la chini linapotangulia, midomo na ulimi huyasukuma meno ya chini yalale kuelekea ndani na ya juu yachomoze nje. Simama mbele ya kioo, vuta mdomo wa chini, tazama ufizi ulio chini ya meno manne ya mbele. Ukiona mizizi imechoreka kama vidole chini ya shuka, ufizi ukiwa mwembamba na mwekundu kingoni, mfupa ulioifunika ni mwembamba mno. Taji la jino likizidi kurudishwa nyuma, mzizi wake huzunguka ukatokea mbele, ufizi ukashuka, na ukishashuka haurudi wenyewe. Hali hiyo iandikwe kwenye faili na ipigwe picha kabla ya trei ya kwanza.

Trei zinafanya kazi gani

Trei moja ina unene wa takriban milimita 0.75. Imefinyangwa juu ya umbo la meno yaliyosogezwa kidogo na kompyuta, kwa kawaida si zaidi ya robo ya milimita kwa kila jino, kwa hiyo ukiivaa hukaza hadi meno yaifuate. Huvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku na kubadilishwa kila baada ya siku 7 hadi 14.

Faida tuliyoitaja ni hii. Ili meno ya juu yatoke nyuma ya yale ya chini, ni lazima yavuke. Kwa waya, kila ukiuma meno ya chini huyagonga ya juu na kuyarudisha yalikotoka, ndiyo maana daktari huweka vituta vya simenti juu ya magego ili kinywa kisifunge kabisa. Trei mbili, ya juu na ya chini, tayari zimetenganisha meno kwa karibu milimita moja na nusu. Meno huvuka bila kugongana. Tena kwa mwenye taya linaloteleza, ile sehemu ya jino iliyokuwa ikimlazimisha ateleze huwa imefunikwa, na misuli huanza kusahau njia ya zamani. Kwa hilo tunazipa alaina alama za juu bila kusita.

Kuinamisha meno ya juu mbele ni kazi rahisi kwa plastiki. Kazi ngumu ni kuyarudisha ya chini, maana yanahitaji nafasi, na nafasi hupatikana kwa njia tatu.

Ya kwanza ni kupunguza kando za meno kwa ukanda mwembamba wa msasa. Kila mahali meno mawili yanapogusana hupunguzwa hadi nusu milimita, nusu ya hiyo kutoka kila jino. Chukua migusano mitano iliyo kati ya meno sita ya mbele ya chini, pamoja na miwili pale chonge zinapogusana na magego madogo: sehemu saba. Ukitoa milimita 0.4 kila mahali, umepata 2.8. Si haba, na kwa kesi nyepesi inatosha. Lakini hii ni kazi ya meno ya chini. Ukiona mpango wa meno ya chini yaliyotangulia unapunguza kando za meno ya mbele ya juu, uliza sababu, kwa kuwa kuyapunguza ya juu ni kuyafupishia safu ambayo tayari ni fupi.

Ya pili ni kuyasukuma magego ya chini nyuma, moja baada ya lingine: gego la pili kwanza, kisha la kwanza, kisha magego madogo, mpaka mbele. Lengo linaloaminika ni milimita 2 hadi 3. Jino la hekima likiwa limekaa nyuma yao, sharti ling'olewe kwanza. Tumeona mipango inayosukuma gego la pili kwenye ukuta wa jino la hekima lililolala, na matokeo yake ni trei zinazoinuka nyuma na mgonjwa anayelaumiwa kwamba havai. Njia hii ni ndefu. Trei 40 kwa siku 10 kila moja ni siku 400, na hapo bado awamu ya marekebisho.

Ya tatu ni kung'oa, ama jino moja la mbele la chini, ama magego madogo mawili. Jino la mbele la chini lina upana wa kama milimita 5. Ukilitoa, majirani huinamiana kama vitabu kwenye rafu kilipotolewa kimoja, na plastiki haina nguvu nyingi ya kuisimamisha mizizi yao. Aghalabu hubaki pembe nyeusi ndogo karibu na ufizi. Daktari anayependekeza kung'oa na kutumia alaina peke yake aeleze atakavyoisimamisha mizizi. Jibu la kweli mara nyingi ni waya kwa miezi michache ya mwisho, na hilo si aibu.

Kuhusu usahihi, msidanganyike. Utafiti uliochapishwa 2009 ulikuta kwamba meno yalisogea kwa wastani asilimia 41 ya kilichopangwa kwenye kompyuta. Mwingine wa 2020, baada ya plastiki bora na mbinu mpya, ulifika asilimia 50. Ndiyo maana mpango wa pili, na hata wa tatu, ni sehemu ya tiba hii. Asiyekutajia marekebisho siku ya kwanza atakuja kukutajia bei yake baadaye.

Raba ndizo zinazovuta

Kwa meno ya chini yaliyotangulia, trei bila raba ni nusu ya dawa. Raba hufungwa kutoka gego la kwanza la juu hadi chonge ya chini, kushoto na kulia, ili kulivuta safu la chini nyuma na la juu mbele. Zinazotumika sana ni za kipenyo cha inchi 1/4 au 3/16, za nguvu ya aunsi 3.5 au 4.5, yaani takriban gramu 100 au 128. Hubadilishwa angalau mara moja kwa siku, kwa kuwa raba hupoteza nguvu ndani ya mate hata kama bado inaonekana nzima. Mwenye mzio wa mpira aseme mapema, zipo zisizo za mpira wa asili.

Namna zinavyoshikizwa ndiyo inayotenganisha mtaalamu na muuzaji. Ndoano iliyokatwa kwenye trei ni rahisi, lakini raba huivuta trei yenyewe: kwenye gego la juu huishusha, kwenye chonge ya chini huiinua. Mgonjwa huamka na trei imetoka nusu. Dawa yake ni kitufe kidogo kilichogandishwa kwenye jino lenyewe huku trei ikikatwa kidirisha cha kukipisha, hasa juu kwenye gego, pamoja na vinundu vya resini (tutavieleza hapa chini) kwenye magego madogo ya karibu ili trei ishike. Kliniki ikiweka kitufe nyuma na ndoano mbele, hiyo kwetu ni kazi nzuri.

Raba zina madhara ya kujulikana. Huyavuta magego ya juu yashuke na meno ya mbele ya chini yapande. Kwa mwenye uso mfupi ambaye meno yake hufunikana sana, kushuka kwa magego kunasaidia: taya la chini huzunguka kidogo kwenda chini na nyuma, kidevu kikapungua ukali. Kwa mwenye uso mrefu ambaye meno yake ya mbele hayagusani, ni hatari, maana mwanya wa mbele huongezeka. Mtu kama huyo hahitaji raba kali. Huhitaji skrubu ndogo ya titani iliyowekwa kwenye mfupa wa taya la chini ili safu livutwe nyuma bila kuyagusa magego ya juu.

Itazameni filamu polepole

Mpango huja kama filamu ya kompyuta inayoonyesha meno yakisogea. Wengi huitazama mara moja, wakatabasamu, wakatia sahihi. Omba uisogeze mwenyewe, hatua kwa hatua, ukitazama kutoka upande. Katika mipango mingi ya tatizo hili utaona meno yakijipanga polepole, halafu kwenye hatua ya mwisho taya la chini linaruka nyuma ghafla kwa hatua moja. Mruko huo haufanywi na trei. Ni alama iliyowekwa na programu kuonyesha kinachotarajiwa kutoka kwa raba, kwa taya kuacha kuteleza, au kwa upasuaji. Muulize hivi: "Daktari, mruko huu ni wa milimita ngapi, na nini kitakachouleta?" Mruko wa milimita moja na nusu kwa mtu mwenye taya linaloteleza, anayevaa raba kila siku, tunauamini. Mruko wa milimita tano kwa mtu mzima asiyeweza kufikisha meno ncha kwa ncha ni picha tu.

Mwisho wa filamu tazama pia meno ya juu yanayafunika ya chini kwa kina gani. Tunataka angalau milimita 2. Mfuniko huo ndio kufuli, kwa kuwa meno ya chini yakishafungiwa nyuma ya yale ya juu hayarudi mbele kirahisi. Mpango unaoishia na mfuniko wa nusu milimita unaonekana mzuri kwenye picha lakini hauna kufuli.

Vinundu, na meno yetu ya floridi

Vinundu ni vidoto vya resini ya rangi ya jino vinavyogandishwa ili trei ipate pa kushika. Kila kimoja huandaliwa kwa kupaka jino asidi ya fosforiki ya asilimia 37 kwa nusu dakika hivi, kuosha, kukausha, kupaka gundi, kisha kukausha resini kwa mwanga. Hapa kwetu kuna kikwazo ambacho maelekezo ya watengenezaji hayakisemi sana. Watu wengi waliokulia Nakuru, Bonde la Ufa kwa jumla, na sehemu za nyanda za kati, walikunywa maji yenye floridi nyingi. Enameli yao ina madoa ya kahawia au weupe wa chaki, na tabaka la juu hulikataa asidi. Vinundu hudondoka wiki ya kwanza. Daktari anayezijua kinywa za hapa hulikwaruza tabaka hilo kidogo kwanza na kuongeza muda wa asidi. Kama una madoa hayo, uliza kabla, na uliza pia kama kugandisha upya kumo ndani ya bei.

Jambo linalokaribiana na hilo: kuna jamii ambazo meno ya mbele ya chini yaling'olewa kimila, na kuna watu waling'olewa vichipukizi vya chonge wakiwa wachanga kwa imani ya "meno ya plastiki", yaani kwamba vichipukizi hivyo humletea mtoto maradhi. Asiye na chonge ya chini hana pale raba inapofungwa, kwa hiyo mpango wake uchorwe upya na usiigwe.

Siku ya mvaaji

Saa 22 ndani humaanisha dakika 120 nje. Hesabu siku ya Nairobi: kiamshakinywa dakika 20, chai ya saa nne 15, chakula cha mchana 40, chai ya saa kumi 15, chakula cha jioni 40. Jumla 130, na bado hujapiga mswaki. Chai moja kati ya hizo mbili lazima iondoke, au igeuke glasi ya maji. Kunywa chai na trei kinywani hakukubaliki: chai ya moto huikunja plastiki, rangi hukwama kwenye vinundu, na sukari hufungiwa juu ya jino mahali mate hayafiki. Meno huoza kimya kimya chini ya trei safi. Anayetafuna miraa au muguka jioni nzima tunamshauri achague waya.

Trei isafishwe kwa maji baridi, mswaki laini na sabuni kidogo ya maji; dawa ya meno huikwaruza ikapoteza uangavu. Isifungwe kwenye tishu mezani, maana mhudumu atakusanya mifupa ya nyama choma, tishu na trei, vyote kwa pamoja. Ikipotea, rudi kwenye iliyotangulia na upige simu kliniki. Kwa hiyo usitupe trei ya zamani mpaka mpya imalize wiki.

Kila jioni tazama kwenye kioo meno madogo mawili yaliyo kando ya yale makubwa ya mbele ya juu. Hayo ndiyo hubaki nyuma kwanza kwa kuwa ni madogo na mviringo. Ukiona mwanya wa hewa kati ya ncha ya jino na plastiki, tafuna kipande laini cha raba ya kuuma dakika tano mara mbili kwa siku na uongeze siku kwenye trei hiyo. Mwanya ukifikia milimita moja, usiendelee na trei inayofuata hata kama tarehe imefika. Kuendelea ni kuujenga ukuta juu ya msingi uliopinda.

Karibu na mwisho, magego huweza kuacha kugusana, kwa kuwa plastiki imeyabonyeza miezi mingi. Mgonjwa huona anatafuna kwa meno ya mbele tu. Kwa kawaida daktari hukata trei nyuma ya chonge na kuyaacha magego yajishushe kwa wiki kadhaa. Ni hali inayotibika, ila uambiwe kabla.

Nani asiuziwe

Mtoto wa miaka 7 hadi 10 ambaye taya lake la juu ni fupi hahitaji alaina. Anahitaji kifaa cha kutanua kaakaa pamoja na barakoa ya kuvuta taya la juu mbele, saa 12 hadi 14 kwa siku, maana katika umri huo mifupa bado inasikia. Trei husogeza meno tu. Mzazi akipoteza dirisha hilo kwa trei za kupendeza, halifunguki tena. Mvulana wa miaka 15 naye tungemsubirisha: taya la chini la wavulana huweza kuendelea kukua hadi karibu miaka 20, na kazi iliyokamilika leo itapitwa na mfupa kesho.

Kuhusu upasuaji, kuna jambo ambalo lazima liamuliwe kabla ya trei ya kwanza. Kuficha tatizo kwa meno na kuandaa meno kwa upasuaji ni safari zinazoelekea pande mbili tofauti. Kuficha huyainamisha ya chini nyuma na ya juu mbele; maandalizi ya upasuaji huyasimamisha yote, na kwa miezi kadhaa tatizo huonekana baya zaidi kuliko mwanzo. Aliyeanza kuficha, kisha akataka upasuaji, hulipia kusogezwa meno kwenda, halafu kulipia kusogezwa kurudi. Na aelewe kwamba kuficha hakubadilishi kidevu. Kama kinachomsumbua ni umbo la uso wake kwenye picha, aambiwe wazi kwamba trei hazitaligusa sana.

Kampuni, bei na mkataba

Invisalign ya Align Technology, iliyoanzishwa California 1997, ndiyo yenye programu iliyokomaa zaidi na njia nyingi za kukata vidirisha na ndoano za raba. ClearCorrect ya Straumann na Angelalign ya China ni washindani halisi. Kliniki nyingine huchapisha zenyewe hapa hapa, na kwa kesi nyepesi tunazipenda: trei ikivunjika huna haja ya kungoja mzigo kutoka ng'ambo. Kagua ukingo wake. Uliokatwa mstari mnyoofu, milimita kama mbili juu ya ufizi, hushika vizuri kuliko uliochongwa kufuata kila jino, na kwa raba za aina hii kushika ndiko tunakotaka.

Trei za kuagiza kwa posta baada ya kujipima nyumbani tunazikataa kabisa kwa tatizo hili. Hakuna anayekupima kuteleza kwa taya, hakuna eksirei, hakuna wa kugandisha kitufe. SmileDirectClub, iliyokuwa kubwa kuliko zote katika biashara hiyo, ilifungwa Desemba 2023 na wateja wakabaki katikati ya tiba. Byte ikasimamisha mauzo Oktoba 2024.

Tiba kamili hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi, na bima nyingi huitenga kunyoosha meno. Kwa hiyo dai karatasi inayotenganisha uchunguzi na eksirei, trei za awamu ya kwanza, marekebisho (mara ngapi, ndani ya miaka mingapi), vitufe na vinundu vikidondoka, skrubu ikihitajika, kung'oa meno ya hekima, na riteina, yaani kifaa cha kuyashikilia meno yasirudi yalikotoka baada ya tiba. Nakala ya skana na eksirei ni haki yako kuomba. Ukihama mji au kliniki ikifungwa, hizo ndizo zitakazokuokoa. Jina la daktari litafute kwenye daftari la mtandaoni la Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, uone kama amesajiliwa kuwa bingwa wa kupanga meno. Daktari wa meno wa kawaida anaweza kufanya kazi nzuri ya mianya. Kwa meno ya chini yaliyotangulia, tunataka bingwa. Ukitaka maoni ya pili yasiyo na trei za kuuza, hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Argwings Kodhek.

Mwisho ni riteina. Miezi sita ya kwanza mchana na usiku, kisha kila usiku, bila tarehe ya kuacha. Weka pia uzi wa chuma nyuma ya meno ya mbele ya chini endapo yalipunguzwa kando. Agiza jozi mbili za riteina siku skana ya mwisho inapochukuliwa, maana ya kwanza hupasuka ndani ya mwaka kwa anayesaga meno usiku, na wiki mbili bila kitu zinatosha kuifanya iliyobaki isiingie. Ukiivaa asubuhi ikakaza mahali pamoja tu, upande wa chonge ya chini, mpigie bingwa wiki hiyo hiyo.